Daftari la darasa limegeuka daftari la madeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea kuhusu Makanisa ya Methodisti, mjadala ambao kwa miaka kadhaa umetawaliwa na mgawanyiko wa Kanisa la Muungano la Methodisti kuhusu ndoa za jinsia moja na kuwekwa wakfu kwa wachungaji walio katika mahusiano ya jinsia moja. Kati ya 2019 na 2023 sharika zaidi ya 7,000 nchini Marekani zilijitoa. Mwaka 2022 likazaliwa kanisa jingine la Methodisti kutokana na ugomvi huo, na mwaka 2024 Mkutano Mkuu ulioketi Charlotte ukaondoa makatazo yaliyokuwa yakibishaniwa. Sisemi kwamba suala hilo ni dogo. Nasema tu kwamba huku tukibishana juu ya paa, nguzo imeliwa na mchwa na hakuna aliyeiitishia kikao.

Nguzo hiyo ni darasa, yaani lile kundi dogo la waumini chini ya kiongozi wao. Wengi hawajui kwamba lilianza kwa sababu ya fedha. Februari 1742, huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, walikutana kutafuta namna ya kulipa deni la jengo lao. Mmoja wao, nahodha aliyeitwa Foy, akapendekeza kila mtu atoe peni moja, sarafu ndogo ya Kiingereza, kwa juma. Alipoambiwa kwamba wengine ni maskini mno, akajibu kwamba apewe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, awapitie kila juma, na asiye na kitu atamlipia yeye. Viongozi walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakakuta mambo yasiyohusu peni: ulevi, magomvi ya ndoa, watu waliokata tamaa. Wesley akatambua mara moja kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta siku nyingi. Kanuni alizozitoa mwaka uliofuata zikamwagiza kiongozi amwone kila mtu wake angalau mara moja kwa juma, kwanza amuulize hali ya roho yake, kisha apokee kile ambacho mtu yuko tayari kutoa kwa ajili ya maskini.

Leo tumerudi kwenye peni, lakini bila Foy. Mimi ni kiongozi wa darasa, na daftari langu lina safu ya ahadi, ya mavuno, ya ujenzi na ya usafiri wa mchungaji. Mwaka jana niliona jina la mama mmoja lina vistari miezi mitatu mfululizo, nikampigia simu kumkumbusha mavuno. Kumbe alikuwa akimuuguza mumewe. Aliniomba radhi yeye, akasema, "Nitatuma, kiongozi." Nilikuwa nimeitazama ile mistari mitupu majuma kumi na mawili, na kila nilipoitazama niliona deni.

Hapa ndipo ninaposema tatizo letu ni la teolojia na si la utaratibu tu. Fundisho la utakaso, yaani kwamba muumini hukua katika utakatifu maishani mwake, ambalo Wesley alilihesabu kuwa amana ya Wamethodisti, haliwezi kuishi kwenye mimbari peke yake, kwa kuwa linamtaka mtu awe na ndugu anayemjua kiasi cha kumuuliza swali gumu. Mwaka 1739 aliandika kwamba hakuna utakatifu usio wa kijamii, na maneno hayo siku hizi hunukuliwa kana kwamba yalihusu maandamano na siasa, ilhali alikuwa akiwapinga wale waliodhani mtu anaweza kujitenga akautafuta utakatifu upwekeni. Darasa likifa, fundisho hilo hubaki jina, na pengo lake hujazwa upesi na mahubiri ya mafanikio, ambayo nayo humpima muumini kwa bahasha yake.

Nimeshaambiwa kwamba bila michango ya madarasa mchungaji hatalipwa, na ni kweli. Hata hivyo makanisa yetu yana wasimamizi wa fedha, na kanuni zile zile za mwanzo zilimtaka kiongozi akutane nao na mchungaji kila juma, awakabidhi fedha na kumjulisha mchungaji wagonjwa ni akina nani. Sehemu ya kwanza tumeishika barabara. Ya pili tumemwachia mchungaji mwenye sharika nne au tano, aigundue mwenyewe, mara nyingi siku ya mazishi.

Ninachowaomba viongozi wa Kanisa ni kidogo: fomu ya taarifa ya robo mwaka, ambayo ina nafasi ya kila senti, iongezwe safu moja ya waliotembelewa. Kwenye daftari langu nimeichora kwa kalamu. Robo hii, kati ya majina 17, nimeweka alama kwenye manne.

Kiongozi wa darasa,
Kanisa la Methodisti