Mlango wa bibi yako

Mikindani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Picha zako tatu ulizochora, za nyumba kama mwili, zimefika kwenye simu. Mama yako alizitazama akanyamaza, kisha akasema ile ya ngazi imemuuma magotini. Mimi nimeganda kwenye ile ya bawaba. Umeichora imevimba, ina ngozi, kama goti la mtu aliyelima msimu mzima. Miaka yote ya useremala sikuwahi kuiona hivyo, ingawa maneno yetu yalishasema: mbao ina viungo kama mtu, na kile kinachoingia kwenye tundu tunakiita ulimi.

Yule mama uliyenisimulia, Louise Bourgeois mzaliwa wa Paris, aliyechora mwaka 1946 na 1947 wanawake wenye nyumba mahali pa kichwa, namwelewa. Ila kwake naona nyumba imemmeza mwanamke. Kwetu nyumba ilitoka mwilini. Kabla ya futi kamba watu walipima kwa shibiri. Shibiri mbili ni dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Dhiraa nne ni pima, mikono yote ikinyooshwa. Juzi nimeupima mlango wa bibi yako kwa mkono wangu: dhiraa nne na vidole vitatu. Naamini fundi wake alikusudia nne kamili, ila mkono wake ulikuwa mrefu kuliko wangu. Sijui kaburi lake lilipo, lakini mkono wake nimeupata.

Na wakikuambia haya ya kuunganisha mwili na mbao ni mambo ya Ulaya, usikubali. Wamakonde huchonga tumbo la mjamzito kwa mti, mwanamume akalivaa akaingia nalo ngomani.

Mlango wako wa bluu, lakini, sijaupenda. Haujaguswa na mtu. Njoo uone mwimo wa kushoto wa huu wa bibi, pale aliposhika kila alipovuka kizingiti. Pamekuwa laini, peusi, usawa wa bega lake. Chini yake kuna alama nyingine, karibu na kiuno changu. Hiyo ni ya miaka aliyoinama.

Baba zako wadogo wanataka kuweka mlango wa chuma. Wezi wamezidi, siwezi kuwalaumu. Nimewaomba wasubiri hadi Idi. Uje kabla ya hapo, na kitambaa chako cha kuchorea kiwe kirefu: dhiraa nne na vidole vitatu, kwa mkono wangu.

Baba yako