Fomu ya chanjo si ungamo la imani

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba watoto wa Marekani wanakufa kwa surua kwa sababu makanisa ya huko yameikataa sayansi. Mimi naishi Abilene, Texas, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Seminole, mji uliokumbwa na surua mwanzoni mwa 2025. Ni mwumini, na kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa. Barua ile iliniuma.

Ni kweli ugonjwa ulisambaa kwanza kwa Wamenonite, Wakristo wa dhehebu la Kiprotestanti, wa Kaunti ya Gaines ulipo mji huo, watu wa dini hasa. Hadi Texas ilipotangaza mwezi Agosti kwamba mlipuko umekwisha, wagonjwa 762 walikuwa wamehesabiwa. Watoto wawili walifariki, mmoja wa miaka 6 na mwingine 8, wote hawakuwa wamechanjwa. Hii ni nchi iliyotangaza mwaka 2000 kwamba imeitokomeza surua. Lakini Wamenonite hawana fundisho linalokataza chanjo. Wasomaji wa mkoa wa Mara, Tanzania, wanaijua hospitali ya Shirati, ya Kanisa la Mennonite. Mimi kovu langu la begani nililipatia huko. Kilichopo Texas ni sheria ya 2003 inayomruhusu mzazi kumwondolea mtoto chanjo za shule kwa sababu za dhamiri, imani ya dini ikiwa mojawapo tu ya sababu hizo. Iliyoitunga ni siasa. Tangu Septemba 2025 fomu yenyewe ya kuomba ruhusa hiyo huna haja ya kuiagiza kwa posta, unaichapa nyumbani.

Fomu hiyo nimeishika. Jumapili moja baada ya ibada, baba mmoja kijana kutoka Kongo alinisogelea nayo. "Mama, nionyeshe mahali pa kutia sahihi." Nikamuuliza ni imani gani inayomkataza. Akasema amesikia kwenye WhatsApp kwamba Mkristo wa kweli hachanji watoto. Nikamwambia akunje mkono wa shati. Kovu lilikuwepo, dogo, la mviringo, kama langu. Nani alikuchanja? Akasema ni masista, kwenye zahanati ya misheni.

Chanjo iliingia Boston kwa kovu kama hilo. Mchungaji Cotton Mather wa mji huo alikuwa na mtumwa Mwafrika aliyepewa na washarika wake mwaka 1706. Akamwita Onesimus, kwa jina la yule Onesimo wa Waraka kwa Filemoni. Alipomuuliza kama amewahi kuugua ndui, akajibu ndiyo na hapana, akamwonyesha kovu mkononi. Akaeleza kwamba kwao mtu huchanjwa ngozi, akatiwa usaha kidogo wa mgonjwa, akaugua kidogo na kupona. Sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa, neno letu limesema lote. Ndui ilipoingia mjini 1721, aliyeitetea chanjo ni mchungaji. Aliyeongoza kuipinga ni daktari msomi, William Douglass. Nyumba ya mchungaji ilirushiwa bomu. Daktari Zabdiel Boylston alichanja watu wapatao 240, wakafa 6. Katika mji mzima ndui iliua zaidi ya 800, karibu mmoja katika kila saba waliougua.

Sisemi wachungaji wote walikuwa hivyo. Henning Jacobson, mchungaji wa Kilutheri wa Massachusetts, alikataa kuchanjwa, akatozwa faini ya dola 5, na Mahakama Kuu ya nchi ikamkatalia rufaa yake mwaka 1905.

Sasa njooni Florida, Septemba 3, 2025. Joseph Ladapo, ofisa mkuu wa afya wa jimbo, daktari aliyesoma Harvard, mzaliwa wa Nigeria, alitangaza pamoja na Gavana Ron DeSantis kwamba wanataka kufuta kila sharti la chanjo. Akasema masharti hayo yamejaa dharau na utumwa, na kwamba mwili ni zawadi ya Mungu. Nilisikiliza mara mbili, machozi yakanilenga. Aliyesema hayo ni daktari, tena wa serikali, akitumia lugha ya kanisa, na utumwa akautaja kuikataa kinga ambayo mtumwa wa Kiafrika ndiye aliyewafundisha watu wa Boston. Msomaji wenu atuambie hapo kanisa liko wapi na sayansi iko wapi. Mimi naona wanasiasa wamekamata vyote viwili.

Nawaomba wachungaji wetu wanaohubiri kwa Kiswahili huku Texas, Ohio, Arizona na kwingineko walitamke hili ibadani, kwa sauti: fomu ile si ungamo la imani, na anayechanja mwanawe hajamkana Bwana. Wasiwaachie WhatsApp kazi hiyo. Watu wetu wengi hawasomi Kiingereza, wanawasikiliza wao.

Yule baba aliikunja fomu, akaiweka ndani ya Biblia yake bila kuitia sahihi. Miadi ya mtoto kliniki ni Alhamisi, na nimemwahidi kuwapeleka kwa gari langu.

Msomaji wenu,
Abilene, Texas