Mdogo wangu, mzee hakusukumwa na mtu

Mdogo wangu,

Kwenye matanga ya mzee kule Tororo ulitamka neno ambalo mpaka leo halijanitoka. Wazee walikuwa wanabishana kama alitukosea alipotuacha na kwenda kuanza nyumba nyingine, nawe ukawakatiza: "Mungu alijua tangu mwanzo kwamba atatuacha. Sasa mzee angefanyaje?" Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma. Ndiyo maana nakuandikia hadharani: wengi waliokubali siku ile nao wana mambo yao wanayoyafunika kwa neno hilo hilo.

Tangu hapo nasikia umerudia pombe, na ukiulizwa unajibu kwamba imeshaandikwa.

Unaikumbuka asubuhi ile Masese, tukingoja samaki? Jua lilikuwa linachomoza, na mvuvi mmoja anapiga kasia kuja ufukoni. Tuliviona vyote viwili kwa pamoja. Jua halikuwa na hiari. Mvuvi alikuwa nayo, angeweza kugeuza mtumbwi, na macho yetu hayakumsukuma. Boethius, Mkristo wa Roma aliyeandika kifungoni katika karne ya 6, alitoa mfano wa namna hiyo: jua linachomoza, mtu anatembea. Alisema Mungu hana jana wala kesho, nyakati zote ziko mbele yake kama hii sasa yetu. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, alimtangulia kwa kusema kwamba kumbukumbu zetu haziyalazimishi yaliyopita, na ujuzi wa Mungu haulazimishi yajayo.

Utaniambia Mungu hakosei, kwa hiyo huwezi kufanya kinyume cha alichokwisha kujua. Ni swali zito, na wafuasi wa Calvin, Waprotestanti wanaosema Mungu amepanga yote, hulijibu tofauti na mimi. Mimi naamini ujuzi wake unafuata uamuzi wako. Ungechagua jingine, angekuwa amelijua hilo jingine tangu milele.

Soma 1 Samweli 23. Daudi yuko Keila, mji aliouokoa mwenyewe, akasikia mfalme Sauli, aliyekuwa anamwinda, anajiandaa kumzingira humo. Akamwuliza Mungu: Sauli atashuka? Atashuka. Watu wa mji watanitoa kwake? Watakutoa. Daudi hakuketi kungoja yatimie. Alichukua watu wake wapata 600 akaondoka, na Sauli aliposikia akaacha safari. Mungu aliijua hata njia ambayo haikupitwa! Luis de Molina, padri Mjesuiti wa Hispania, alikitumia kisa hiki katika kitabu chake cha 1588.

Na kila tarehe 3 Juni, tunafuata nini Namugongo? Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani mwaka 1886, kama hawakuwa na njia ya kuikana imani, tunawaheshimu kwa lipi?

Mzee alichagua. Silisemi hili kumlaani, maana nimemsamehe, na nisingeweza kumsamehe kama ungekuwa unasema kweli. Upepo ukiezua paa, hakuna anayeusamehe upepo. Wewe umemwondolea hatia, lakini bado una hasira naye, na hasira hiyo unaipeleka baa kila jioni.

Jumamosi nakwenda kuwaona ndugu zetu wa nyumba ile nyingine. Nataka twende wote. Ukikataa nitakwenda peke yangu, ila nitapita kwako Jinja kwanza, asubuhi, kabla hujatoka.

Dada yako