Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: vibali vya ardhi na muhtasari wa kijiji

Ndugu wanachama, wazee wangu shikamooni, akina mama na vijana habari za siku nyingi. Mwaka umeisha na katiba yetu inanitaka nitoe taarifa. Mambo ya mbegu, ghala na ada katibu na mweka hazina wameshayaandika vizuri kwenye karatasi zao, mimi nitakaa kwenye jambo moja ambalo ndo limekula nguvu zetu kuliko yote, yaani maombi ya watu wanaotaka kutumia ardhi ya vijiji vyetu kwa shughuli ambayo sio kilimo chetu wala makazi wala malisho. Mchanga, mnara, sheli, shamba kubwa la mtu wa mbali. Na niseme mapema ninachoamini baada ya mwaka huu, wengi tunadhani kibali kinatafutwa wilayani, lakini kinaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji tunaokaa sisi wenyewe, kule wilayani inaenda karatasi, na karatasi hiyo ni muhtasari, yaani maandishi ya yale mkutano uliyojadili na kuamua.

Nianze na mchanga. Kabla ya masika malori yalianza kushuka mtoni upande wa chini wa kijiji kimoja cha kata yetu. Watu wakauliza nani kawaruhusu hawa, wakaambiwa kijiji kimeridhia na barua iko wilayani. Wanachama wetu wa kule, ambao hawakosi mikutano, wakasema hawajawahi kukaa kikao cha mchanga. Tukaomba nakala ya muhtasari, ikachukua wiki kadhaa kuipata, na tulipoipata tukaisoma mimi na katibu neno kwa neno. Mkutano kweli ulikuwepo. Ajenda ya kwanza michango ya madarasa, ya pili vyoo na usafi, ya tatu mengineyo. Humo ndani ya mengineyo kuna mstari mmoja na nusu unaosema ombi la mchanga liliwasilishwa na wajumbe kwa kauli moja wakaridhia. Eneo gani halipo, ukubwa haupo, muda haupo, kijiji kinapata nini hakipo. Nyuma yake imebanwa orodha ya mahudhurio yenye sahihi nyingi kweli kweli, ila juu ya ile orodha imeandikwa kwa kalamu kwamba ni wazazi waliohudhuria kuhusu michango. Yaani watu walisaini madarasa, sahihi zao zikaenda kwenye mchanga. Na waliokuwepo wanakumbuka kufikia mengineyo jua lilikuwa linazama, akina mama wengi walishaondoka kwenda kupika.

Sasa tuelewane sheria inasemaje, maana wengi mmeniuliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaiweka halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini, inatunza ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na kifungu cha 8 kinaikataza kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25, mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea na unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo hata wale wajumbe wakikubaliana wote 25 bado bonde la mto hawawezi kulitoa, wenye kauli ni sisi. Leseni ya kuchimba inatoka Tume ya Madini kwa sababu mchanga na kifusi vinahesabiwa kama madini ujenzi, hilo kijiji hakitoi, lakini leseni peke yake haimpi mtu shamba la mwenzake, sheria ya madini ya 2010 yenyewe inadai ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi pale uchimbaji unapokaribia nyumba ya watu au shamba linalolimwa. Alafu kuna zile mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, hairuhusu shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Naomba hiyo namba 60 kila mwanachama aishike kichwani.

Tuliandika barua kwa halmashauri ya kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa wilaya. Hatukumshutumu mtu, tuliambatanisha ule muhtasari na tukauliza maswali manne: eneo lipi, ukubwa gani, muda gani, na mkutano upi ulijadili. Afisa ardhi na afisa mazingira wakaja. Vijana wakavuta futi kamba kutoka ukingoni, shimo la kwanza lote likaonekana liko ndani ya mita 60, la pili lilikuwa limeshaanza kula njia ambayo akina mama wanashukia kuchota maji. Mtu mzima akisimama ndani ya lile shimo huoni hata kichwa, kuta zake mchanga mtupu, ukigusa kwa mkono unaporomoka, na watoto wa shule wanapita pembeni yake kila asubuhi. Uchimbaji ulisimamishwa siku ile ile.

Wapo wanachama ambao hawakufurahi na nawaelewa kabisa. Kuna vijana wetu wanaopakia mchanga, hela ya kupakia lori unaipata jioni hiyo hiyo wakati mahindi yanakuweka miezi, na kuna kijana mmoja alisimama kwenye kikao chetu cha kamati akasema mwenyekiti nyie mna mashamba sisi tuna koleo tu. Neno lile lilituingia wote. Chama hiki hakijaanzishwa kuzuia kila kitu, na mimi nisingekubali kiwe hivo, nchi inajengwa na mchanga unatakiwa utoke mahali. Kwa hiyo tukaomba mkutano mkuu wa dharura wenye ajenda moja tu, tangazo likabandikwa ofisini na kwenye maduka, likasomwa msikitini na kanisani, mkutano ukawekwa saa nne asubuhi ili mama mwenye kazi jikoni aweze kukaa mpaka mwisho. Watu walijaa.

Na ombi lilipita. Lilipita kwa eneo jingine, mbali na mto, likiwa na masharti: shimo moja lifukiwe kabla ya kufungua la pili, malori yasipite njia ya shule muda wa watoto kwenda na kurudi, vijana wa kijiji wapewe kwanza kazi ya kupakia, malipo yaingie akaunti ya kijiji na risiti ibandikwe ubaoni, na baada ya mwaka mmoja ridhaa irudi mkutano mkuu kuangaliwa upya. Kitu kilichonifurahisha mimi binafsi zaidi ni kwamba mtendaji aliandika muhtasari pale pale, akausoma kwa sauti mbele ya watu, mama mmoja akamrekebisha pale alipoandika "malipo yatalipwa" bila kusema wapi, ikafutwa ikaandikwa upya, ndo watu wakapanga mstari kusaini. Hivi ndo tunataka iwe kila kijiji cha kata hii.

Ombi la pili lililotuchosha ni la shamba. Mtu na ndugu zake waliomba maeneo kwa majina tofauti, kila mmoja kipande chake, barua zote tarehe moja. Ukiisoma barua moja moja unaona ni ombi dogo la kawaida, lakini ukivichora vile vipande pamoja vinashikana vinakuwa shamba moja kubwa limekaa juu ya malisho na juu ya njia ya ng'ombe kwenda lambo. Kijiji kile kina mpango wa matumizi ya ardhi uliofanywa kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, mkutano mkuu uliupitisha na wilaya ikaupitisha, na eneo lile limeandikwa malisho. Ramani ipo, ila ilikuwa imekunjwa imefungiwa kabatini kwa mtendaji na wajumbe wapya wa halmashauri hawajawahi kuiona. Mzee mmoja mfugaji, mwanachama wetu wa siku nyingi, akasimama akaomba ramani iletwe. Ikatandazwa mezani, pembe zikawekewa mawe kwa sababu ya upepo, watu wakasogea kuangalia, afisa ardhi akaonyesha kwa kidole mpaka wa malisho unapopita. Hakuna aliyebishana tena. Waombaji waliambiwa wasubiri mpaka mpango utakapopitiwa upya.

Kwa nini nahangaika hivi na ukubwa wa ardhi, ni kwa sababu sheria inaweka ngazi. Kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, yaani ile isiyo chini ya kijiji tena bali chini ya serikali kuu, kama haizidi hekta 250, yaani zaidi ya ekari 600 hizo, mkutano mkuu wa kijiji ndo unaoidhinisha au kukataa, ikizidi hapo inaenda kwa Waziri lakini bado mkutano mkuu lazima utoe maoni kwanza. Asiye raia hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja, anapata kwa ajili ya uwekezaji tu na ardhi lazima ihamishwe kwanza iwe ya jumla. Na ikishahamishwa hairudi yenyewe kijijini hata mradi ukifa. Wenzetu wa Kisarawe hilo wanalijua, zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 ziliingia kwenye mradi wa mibono ya kutengenezea mafuta, kampuni ikafilisika mwaka 2011 na mradi ukauzwa kwa watu wengine badala ya ardhi kurudi kwa wanavijiji. Watu walioahidiwa ajira wakabaki hawana ajira na pa kukata kuni hapapo tena. Nikifikiria kwamba jambo kubwa kama lile linapita kwenye mikutano kama hii yetu ambayo sisi tunaikwepa kwa kusema ni maneno tu, kiukweli naumia.

Lakini ipo mifano ya kututia moyo pia. Kule Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao chini ya mpango mmoja wa pamoja, wakaiita OLENGAPA kwa herufi za majina yao, eneo la zaidi ya hekta 20,000, kwa hiyo mtu akitaka kumega pale hakutani na kijiji kimoja kilicholala, anakutana na vijiji vyote. Na Kilosa kuna vijiji ambavyo tangu mradi ulioanza 2012 vinatoa vibali vya mkaa kwenye msitu wa kijiji uliopimwa na kugawanywa vitalu, mchoma mkaa analipia kijijini, hela hiyo imejenga madarasa na zahanati. Hawa wote walianza na mpango, kibali kikafuata.

Mnara wa simu sina mengi, familia yenye kiwanja ilikubali, mkutano uliomba jenereta isiwekwe upande wa nyumba za jirani na wakakubali, mtandao sasa unashika hadi bondeni. Sheli bado. Mwombaji anasema EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, na watu wa mazingira atawafuata mwenyewe, sisi hoja yetu ni kisima kilicho karibu na kile kiwanja, na tumeshaiandikia halmashauri ya kijiji kwamba hoja ya kisima iingie kwenye muhtasari hata kama ombi litapita.

Mmoja wenu aliniuliza kwa nini tusisubiri tu kibali kibaya kitoke alafu tukashtaki. Mdogo wangu, mabaraza ya kata tangu mabadiliko ya 2021 yanasuluhisha tu hayatoi hukumu, usuluhishi ukishindikana unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, huko ni nauli, ni wakili kama unaweza kumlipa, ni tarehe inaahirishwa na wewe umeacha palizi, na wakati huo shimo linachimbwa. Mkutano mkuu ni bure na uko kwenye kijiji chako.

Viongozi wengi wa vijiji vyetu ni wapya, waliingia kwenye uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, na wengi hawakukabidhiwa ramani, sheria ndogo wala rejista ya ardhi. Kamati yetu imekaa nao, imewapa nakala za sheria, na kwenye vijiji viwili ramani ya mpango sasa imebandikwa ukutani ofisini ambapo mtu yeyote anaiona. Nawashukuru wenyeviti hao pamoja na watendaji wao, wametupokea vizuri. Vijiji vilivyobaki mpango wao wa matumizi ama haupo kabisa ama umepitwa na wakati, tumeshapeleka maombi wilayani timu ya mipango ije, na wametuambia kijiji kijiandae kuchangia muda wa watu wa kuonyesha mipaka.

Mwakani ridhaa ya mchanga inatimiza mwaka na inarudi mkutano mkuu. Wanachama wa kijiji kile naomba kuanzia sasa muandike kila mnachoona, shimo lipi limefukiwa na lipi halijafukiwa, malori yanapita saa ngapi, risiti zimebandikwa au la, ili siku hiyo tuongee kwa vitu tulivyoviona kwa macho. Kamati ndogo ya ardhi inahitaji watu wawili kutoka kila kijiji na lazima mmoja wao awe mwanamke, majina mpeni katibu kabla ya mkutano wetu mkuu wa chama, na anayejua kusoma ramani aseme mapema maana tunamhitaji kwanza kwenye lile suala la kisima na sheli.