Mwezi wa sita wa mimba si wa kuruka kliniki

Mhariri,

Magazeti yetu hupenda kuandika kuhusu mwanzo wa mimba na mwisho wake. Mwanzoni kuna kutapika na kuchagua chakula, mwishoni kuna uchungu, upasuaji na bili ya hospitali. Nimesoma kurasa za afya miaka na mikaka, na nikifika mwezi wa tano na wa sita nakuta mstari mmoja tu: kwamba mama sasa amepata nguvu, basi afurahie. Naomba nafasi niupinge mstari huo, maana ndio unaowafanya wanawake wengi ninaowajua waruke kliniki.

Mimi ni msusi pale Kenyatta Market. Wanaolijua soko hilo wanajua tulivyobanana, vibanda vikitazamana na wateja wakiitwa tangu mlangoni. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta iko karibu, kwa hivyo wauguzi huja kusukwa wakitoka zamu ya usiku. Mteja wa rasta ndogo hukaa kitini saa tano au sita, na kwa muda huo mtu husema yote aliyo nayo. Isitoshe, mimi mwenyewe nina mimba ya miezi sita, kwa hivyo wakiliona tumbo hili hatuna habari nyingine.

Nianze na ninalolijua kwa vidole. Nikishika kichwa cha mama mwenye mimba ya miezi mitano au sita, mara nyingi najua kabla hajaniambia. Nywele humjaa. Si kwamba zinaota zaidi, ila homoni za mimba huzizuia zisianguke kama kawaida, na zile ambazo zingebaki kwenye kichana hubaki kichwani. Mteja hufurahi. Mimi humwambia asizizoee, kwa sababu miezi mitatu minne baada ya kuzaa, zote zilizokawia huanguka kwa pamoja. Wapo waliokuja kwangu wakilia, wakidhani wamerogwa. Ndiyo maana mjamzito simvuti sana nywele za pembeni mwa uso, hata akiongeza pesa.

Nywele hizo, ngozi inayong'aa, kichefuchefu kilichokwisha na hamu ya kula iliyorudi ndivyo vinavyoipa miezi hii jina la miezi ya raha. Raha ipo, sikatai. Mtoto wangu anaruka kila ninapowasha draya, na sasa nimejua kwamba kufikia wiki ya 24 au 26 mtoto anasikia sauti za nje na kuzijibu. Wiki hiyo ya 24 ana urefu wa sentimita 30 hivi na uzito wa gramu 600 na kitu; kufikia wiki ya 27 anakaribia kilo moja.

Lakini mwili nao una madai yake. Kiungulia kinanipanda nikiinama tu kuokota kichana. Mama mkwe anasema hizo ni nywele za mtoto, na kama ni kweli basi nimeshapata mteja. Usiku shavu la mguu linakaza mpaka napiga kelele, na dawa yake ni kuvuta vidole vya mguu kuelekea kwangu, si kuusukuma mguu chini. Mgongo, miguu kuvimba jioni, choo kigumu, mstari mweusi unaoshuka kutoka kitovuni, yote hayo ni ya kawaida na sina haja ya kuyachambua.

Kuna moja wasusi wenzangu walishike. Tunapomwosha mteja nywele tunamlaza chali, shingo kwenye beseni. Mwenye mimba ya miezi sita akilala hivyo, tumbo la uzazi hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na anaweza kuona kizunguzungu au kutokwa na jasho baridi. Si njaa. Mwinueni, mgeuzeni ubavu, hasa wa kushoto. Mimi siku hizi namwosha akiwa ameinama mbele, au namwekea mto upande mmoja.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Juzi juzi nilikuwa namsuka dada mmoja aliyekuwa akilalamika kwamba kichwa kinamuuma tangu jana yake na macho yanaona nyotanyota. Alidhani ni kwa sababu ninavuta. Pete yake ilikuwa imezama kidoleni, haizunguki. Muuguzi aliyekuwa akingoja zamu kiti cha pili akaacha simu yake, akamuuliza mimba ina wiki ngapi na alipimwa presha lini. Wiki, alizijua, zilikuwa zimepita 25. Presha hakukumbuka, kwa sababu kliniki ya mwezi ule hakwenda. Alikuwa anajisikia vizuri. Muuguzi hakungoja nimalize. Dada aliondoka nusu ya kichwa imesukwa na nusu imefunikwa kitambaa, na huko hospitalini presha ikakutwa juu na mkojo una protini. Akalazwa siku hiyo hiyo.

Ugonjwa huo wa presha ya mimba huanza baada ya wiki ya 20, yaani katika hiyo hiyo miezi tunayoiita ya raha. Usipogunduliwa unaweza kufikia kifafa cha mimba, na mama au mtoto au wote wawili wakapotea. Ubaya wake ni kwamba unaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi ni ya kushughulikiwa, lakini mwenyewe huisikii ikipanda. Inasikiwa na mashine tu.

Ndipo niwaombe wenzangu tupige hesabu pamoja. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe mara 8 badala ya mara 4 za zamani: wiki ya 12, ya 20, ya 26, ya 30, kisha 34, 36, 38 na 40. Tazama hapo katikati. Kati ya wiki ya 20 na ya 26 tayari kuna pengo la wiki 6. Ukiiruka ile ya 26 kwa sababu unajisikia vizuri, umekaa wiki 10 nzima bila mtu kukufunga mkono kwa mashine ya presha. Mwishoni tunaonwa kila baada ya wiki mbili na kila mtu anatuhurumia kwenye matatu. Katikati hakuna anayetuuliza.

Na hata anayekwenda si lazima apimwe. Kituo kimoja cha afya, sitakitaja, kiliwahi kuniambia mashine ya presha imeharibika na sistimu iko chini, nirudi mwezi ujao. Mwezi ujao! Mashine ndogo ya presha si mali ya kutisha, na kituo kinachopokea wajawazito bila kuwa nayo kingefunga mlango tu tujue. Nilikwenda kwingine siku hiyo hiyo. Nawaambia wateja wangu nao wafanye hivyo: kama hujapimwa presha na mkojo, bado hujaenda kliniki, hata kama kijitabu kimepigwa muhuri. Suala la SHA nalo, yaani bima ya afya ya serikali, mtu ajisajili mapema mimba ikiwa changa, kwa sababu tangu ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 kuna kina mama wanaosikia habari hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa dirisha la malipo hospitalini.

Wiki hizo za 24 hadi 28 ndizo pia za kupima sukari ya mimba. Kipimo kamili ni kwenda asubuhi bila kula, ukatolewa damu, ukanywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha ukapimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Si kila zahanati inacho, kwa hivyo uliza, hasa kama kwenu kuna ugonjwa wa sukari, kama una uzito mkubwa au kama uliwahi kuzaa mtoto mkubwa sana.

Damu nayo. Wiki hizi mwili wa mama unatengeneza damu nyingi zaidi kuliko kawaida na mtoto naye anavuta chuma chake, basi vidonge vya damu visiachwe kwa kuwa vinafanya choo kiwe cheusi. Weusi huo hauna madhara. Tatizo letu Nairobi ni chai. Mtu anameza kidonge kwa chai ya maziwa, na chai inazuia kile chuma kisiingie mwilini. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, chai ingoje saa moja au mbili. Na odowa, yale mawe laini yanayouzwa kwa mafungu sokoni, nimeona wajawazito wakiyatafuna kitini kwangu kama njugu. Hamu ya kula udongo mara nyingi ni damu inayolia kwamba chuma kimepungua. Usinunue fungu la pili, nenda ukapimwe damu.

Wengi huniuliza pia kuhusu tumbo linalokaza na kuachia. Mwezi wa sita hilo hutokea, tumbo linajitayarisha tu. Likikaza bila mpango na kutulia ukibadilisha mkao au ukinywa maji, endelea na kazi yako. Likianza kuja kwa kufuatana, kila baada ya muda uleule, au likaja na maji au damu, huo unaweza kuwa uchungu kabla ya wakati, na huo hautibiwi kwa maji ya moto nyumbani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Chapisheni kwa herufi kubwa mambo ya kumpeleka mjamzito hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki: kichwa kuuma sana au macho kuona nyota, uso na mikono kuvimba, maumivu makali chini ya mbavu, damu au maji kutoka ukeni, homa, mtoto kupunguza kucheza, au kufika wiki ya 24 bila kumsikia kabisa. Nitaukata ukurasa huo niubandike kando ya kioo changu, mahali ambapo mteja hana budi kuusoma mpaka nimalize kichwa.

Msusi,
Kenyatta Market, Nairobi