Kabla ya Kusema Luva Hazipitishi Hewa: Maelezo kwa Wateja Wetu

Malalamiko yanayotufikia mara nyingi kuliko mengine yote yanatoka kwa mteja ambaye amelipa pesa yake yote, mapazia ya luva, yaani ya vibao vyembamba vinavyogeuzwa, yamewekwa dirishani yakakaa sawa, vibao vinageuka bila kukwama, na bado chumba kina joto lilelile na hewa ileile nzito aliyotaka kuiondoa. Hivi karibuni mama mmoja alitupigia simu akasema bila kuficha kwamba tumemdhulumu, kwa kuwa alitarajia upepo na alichopata ni pambo la dirisha. Neno hilo lilituuma, kwa sababu kazi ile tuliifanya kwa uangalifu, lakini tulikubali kurudi kwake tukaone, na tulichokikuta ndicho kilichotusukuma kuandika maelezo haya.

Chumba chake cha kulala kilikuwa na dirisha moja, na mlango aliufunga usiku kucha, huku akiwa ameziba mwanya wa chini kwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Tulichana ukanda wa karatasi laini, upana wa vidole viwili, tukaushika mbele ya vibao vilivyofunguliwa wazi kabisa. Karatasi ilining'inia kimya. Kisha tukamwomba afungue mlango na dirisha la ukumbini, tukarudi palepale na karatasi ileile, nayo ikaanza kupepea kuelekea ndani kabla hatujamaliza kumweleza tunachotaka aone. Luva hazikuguswa hata kidogo kati ya jaribio la kwanza na la pili. Kazi ya luva ni kuongoza hewa inayopita, kuipunguza au kuiachia, na hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliozibwa ni kama chupa: unaweza kupanua mdomo wake upendavyo, lakini huwezi kuipuliza kutoka upande mmoja ikatoa upande wa pili.

Ndiyo maana fundi wetu anapokuja kupima, jambo la kwanza analouliza ni hewa itatokea wapi, na wateja wengine hukereka wakidhani tunapoteza muda. Njia nzuri zaidi ni kuwa na uwazi katika kuta mbili tofauti, upande upepo unakotoka na upande unakoelekea. Pasipo na njia hiyo, tundu la hewa juu ya mlango husaidia sana, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi na hupanda, na ikipata pa kutokea juu huivuta hewa baridi kuingia chini. Tundu kama hilo hatuliuzi sisi, na mara kadhaa tumemwambia mteja aanze kwa seremala wake kabla hajatupa sisi kazi.

Jambo la pili ni dirisha lenyewe. Luva za ndani hukaa mbele ya dirisha, kwa hiyo haziwezi kupitisha hewa zaidi ya ile ambayo dirisha limeruhusu. Dirisha la kuteleza, lile ambalo kioo kimoja husukumwa nyuma ya kingine, hufunguka nusu tu hata ukilisukuma hadi mwisho, ilhali dirisha la bawaba hufunguka lote. Ukiongeza wavu wa mbu, hasa ule wenye matundu madogo sana, hewa hupungua tena, na wavu ambao haujaoshwa kwa muda mrefu hugeuka kuwa ukuta wa vumbi. Tulishawahi kuitwa kubadilisha luva zinazodaiwa kuharibika, tukaondoka tukiwa tumeosha wavu tu kwa sabuni na brashi laini.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye vibao, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo kwa sababu ndipo ubishi mwingi ulipo. Chukua vibao vyenye upana wa milimita 50 na unene wa milimita 3, vilivyopangwa kwa umbali wa milimita 44 kutoka kimoja hadi kingine. Vikilala sawasawa kama rafu, hewa ina mwanya wa milimita 41 kati ya kila viwili. Ukiviinamisha nyuzi 45, mwanya unabaki takriban milimita 28, na ukifika nyuzi 60 unabaki kama milimita 19, yaani chini ya nusu ya ule wa mwanzo. Mteja anayeinamisha vibao sana ili jua lisimpige machoni, kisha analalamika kwamba upepo umepungua, anaona jambo la kweli. Amechagua kivuli badala ya hewa, na hakuna fundi anayeweza kumpa vyote viwili kwa ukamilifu kwenye pembe ileile.

Kuna pia swali la mwelekeo, ambalo watu wengi hawalifikirii kabisa. Kibao kilichoinamishwa ukingo wa nje chini na wa ndani juu hukinga jua la juu na hupunguza manyunyu ya mvua, lakini hewa inayopita juu yake huelekezwa darini. Mzee mmoja aliyelala kwenye kitanda cha chini alitwambia kwamba anasikia upepo ukiingia na kuona pazia la mlangoni likitikisika, ila yeye mwenyewe haupati mwilini. Tuligeuza vibao upande wa pili, ukingo wa ndani ukatazama chini, na upepo ukamfikia kitandani. Kwa kuwa dirisha lake lilipigwa jua la asubuhi, baadaye tulimtengenezea luva za sehemu mbili, za juu zikigeuka peke yake na za chini peke yake, ili za juu zizuie mwanga na za chini zimpelekee hewa. Ziligharimu zaidi, kwa sababu kila sehemu ina fimbo yake ya kugeuzia na mfumo wake, na tulimweleza hivyo kabla hajatoa chochote.

Sasa niseme juu ya njia ya mkato ambayo imewagharimu wateja wetu kuliko kosa jingine lolote, nayo ni kujipimia wenyewe, kununua pazia lililo tayari, kisha kulikatisha ili lienee. Uwazi wa dirisha unaonekana kwa macho kuwa umenyooka, lakini ni nadra kuwa hivyo. Sisi hupima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, tukachukua kipimo kidogo kuliko vyote. Tunapima urefu kushoto, katikati na kulia. Kisha tunapima pembe kwa pembe, na vipimo hivyo viwili visipolingana tunajua kwamba dirisha limekaa upande. Mteja mmoja alipima chini tu, kwenye kizingiti, kwa sababu ndipo mkono wake ulipofika kwa urahisi. Ukuta ulikuwa unabana kwa milimita 8 kufikia juu. Pazia alilonunua halikuingia, akampelekea fundi wa aluminiamu amkatie, naye akakata upande mmoja tu.

Anayeijua kazi hii ameshaelewa kilichofuata. Vibao vya pazia hupitiwa na kamba kwenye matundu yaliyotobolewa kwa umbali ulio sawa kutoka ncha zote mbili, na hushikwa na kamba nyembamba zilizosukwa kama ngazi. Ukikata upande mmoja, uzito haulingani tena: upande mrefu unaning'inia, ngazi zinavutana, na vibao vya katikati havifungi sawasawa. Zaidi ya hayo, ncha zilizokatwa kwa msumeno bila kupigwa tupa zilikuwa kali kama wembe, na ndizo zilizoikwangua kamba hadi ikakatika ndani ya miezi michache. Alipotuletea, hapakuwa na cha kuokoa isipokuwa fimbo ya kugeuzia. Alilipia pazia la kwanza, akalipia kukatiwa, akalipia la pili kwetu, na pesa ya kupimiwa aliyoikwepa mwanzoni ilikuwa ndogo kuliko zote hizo.

Kina cha uwazi nacho husahauliwa. Kibao cha milimita 50 kinapogeuka huhitaji milimita 25 mbele na 25 nyuma ya mhimili wake, na juu ya hapo lazima pawe na nafasi ya komeo la dirisha, ambalo mara nyingi ndilo linalochomoza kuliko kitu kingine chochote. Tumekuta vibao vitatu vimepinda mahali pamoja katika dirisha moja, vyote usawa wa komeo, kwa sababu aliyefunga alipima kina mpaka kwenye kioo. Dirisha linalofunguka kwa ndani ni shida zaidi, kwani itabidi pazia linyanyuliwe kila linapofunguliwa, na hapo tunashauri luva zenye fremu na bawaba zinazofunguka kama mlango, au kutofunga luva kabisa. Ndiyo, tumewahi kumwambia mtu asinunue.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba bei yetu ni kubwa kuliko ya pazia lililo tayari dukani, hatubishi, kwa maana ni kweli. Ndani ya bei hiyo mna safari ya kwanza ya kupima, mna vibao vilivyokatwa pande zote mbili na kupigwa tupa, mna reli ya juu iliyopimwa kwa pimamaji badala ya kukisiwa kwa jicho, na mna safari ya pili baada ya wiki kadhaa, kamba zikiwa zimeshajinyoosha na zinahitaji kurekebishwa. Dirisha pana sana tunaligawa kwa mapazia mawili, hata kama mteja anapenda moja, kwa kuwa vibao virefu hulegea katikati na kuacha mianya inayopitisha mwanga usiotakiwa. Anayekutajia bei ya simu bila kuona dirisha anakutajia bei ya pazia. Bei ya kazi bado haijui.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Mbao ni nzuri machoni lakini bafuni na jikoni hunyonya unyevu, hutanuka na kukwama. Huko tunafunga aluminiamu au plastiki. Plastiki nayo ikikaa karibu mno na kioo kinachopigwa jua kali siku nzima hupinda. Skrubu za chuma cha kawaida kwenye aluminiamu, hasa penye unyevunyevu wa chumvi, hula aluminiamu taratibu hadi tundu linalegea, na ndiyo sababu tunatumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, ambazo wateja huziona kwenye ankara wakauliza kwa nini ni ghali. Tafadhali msitie mafuta ya kupikia kwenye mihimili inapokaza. Yanalainisha kwa siku chache, kisha yanashika vumbi na kugeuka gundi.

Yapo mambo mawili ambayo hatujadili bei yake. La kwanza ni kamba mahali penye mtoto mdogo. Kamba inayoning'inia, hasa yenye kitanzi, inaweza kumnyonga mtoto kimyakimya katika muda ambao mzazi yuko chumba cha pili. Marekani ilipobadilisha kiwango chake cha usalama mwaka 2018, mapazia yanayouzwa yakiwa tayari yalitakiwa yasiwe na kamba au kamba zake zisifikike, na sisi tunafuata mkondo huo: pazia lisilo na kamba, au kamba iliyofungwa kwenye kishikizo ukutani, mwisho wake ukiwa si chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni, na kitanda cha mtoto kikiwa mbali na dirisha. Mteja aliyetuomba tusiweke kishikizo ili tumpunguzie bei alikataliwa, na alikasirika.

La pili ni tundu la hewa la chumba chenye kifaa cha kuchoma gesi. Bwana mmoja alitaka tubadilishe luva zisizogeuka zilizokuwa karibu na hita yake ya maji, aweke za kugeuza ili azifunge wakati wa baridi. Tulikataa. Tundu lile liliwekwa liwe wazi wakati wote, kwa sababu gesi ikiungua penye hewa haba hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mtu huanza kuumwa kichwa na kusinzia bila kujua kinachomdhuru. Luva za kugeuza zina faida nyingi, lakini chochote kinachoweza kufungwa kitakuja kufungwa siku moja na mtu anayehisi baridi. Alimpata fundi mwingine au hakumpata, hatukujua, nami bado nalifikiria jambo hilo.

Yule mama aliyesema tumemdhulumu tulimaliza naye vizuri. Seremala alitoboa uwazi juu ya mlango wake kwa vipimo tulivyomwandikia, nasi tukafunga hapo luva ndogo ya kugeuza, ili usiku hewa ipite bila mwanga wa ukumbini kumsumbua. Luva za dirishani hatukuzigusa. Safari ya kurudi hatukumtoza, kwa kuwa swali la hewa itatokea wapi tulipaswa kumuuliza siku ile ya kwanza, na fundi aliyekwenda kupima hakumuuliza. Tangu hapo swali hilo limeandikwa kwenye fomu yetu ya vipimo, mstari wa kwanza, juu ya upana na urefu.