Kwenu vijana wetu wa kanisani, Unguja na Pemba

Wanangu, amani ya Bwana iwe nanyi.

Mie bibi yenu wa Mbweni, mzaliwa wa Weti, sina mazowea ya kuandika marefu kwenye simu lakini hili limenikaa kifuani tangu Jumapili. Kuna kijana alibaki nyuma baada ya ibada, kakaa kwenye benchi anazungusha kofia mkononi mpaka watu wote wakaondoka, ndo akanambia bibi mie nimechoka. Kazini salamu yake ya asubuhi ni kafiri, wenzake wanacheka na yeye anacheka nao mana afanyeje, na mwenye nyumba keshamwambia atafute chumba pengine, sababu hakupewa ila anaijua. Akaniuliza, nikivua msalaba nikanyamaza tu Mungu atanihesabia?

Sikumjibu pale pale. Nimelala na swali lake siku nne, leo namjibu yeye na nyie wote mnaouliza kimoyomoyo.

Nianze na langu. Mwaka 1974 nilipata kazi ya ushoni kwenye duka moja mjini. Jina langu la ubatizo Maria, siku ya kwanza tajiri akasema Maryam karibu, sikumsahihisha. Basi nikawa Maryam. Hakuna alonitisha wala alonishika mkono, mwenyewe nilifungua mkufu wangu wenye msalaba nikaupiga fundo kwenye pindo la kanga na fundo lile nikatembea nalo kiunoni karibu miaka miwili. Pasaka ikaja, tajiri akasema Jumapili uje kuna nguo za harusi, nikaenda. Niko kwenye charahani nikasikia kengele ya kanisa la Mkunazini inapiga, na mguu wangu ukaendelea kukanyaga. Mshono ulikwenda upande, nikaufumua, ukaenda upande tena, nikafumua mpaka kitambaa kikaanza kuchakaa. Usiku ule sikulala. Jumatatu nikamwambia bwana mie naitwa Maria, ni Mkristo, na Jumapili nasali. Akanitazama akasema nalijua tangu ulipokuja, nikidhani wewe mwenyewe unaionea haya dini yako.

Wanangu, maneno yale yaliniuma kuliko lau angenifukuza. Na sisemi kila mtu atapata tajiri kama yule, wapo walofukuzwa kweli, wapo walotolewa vyombo nje kwenye mvua, hao nawajua na nimekaa nao wakilia. Ninachosema ni kwamba Petro siku ile alipomkana Bwana pale kwenye moto hakuulizwa na askari mwenye upanga, aliulizwa na kijakazi tu, na ndipo alipoanguka. Nyie pia wengi wenu hamtaulizwa na mtu mwenye upanga, mtaulizwa na mwenzenu wa kazini huku anatafuna karanga.

Kwa hiyo mwanangu wa kofia, jibu langu ni hili. Kuvua msalaba si dhambi, Danieli alisali nyumbani kwake madirisha yakiwa wazi lakini sijasoma popote kwamba alisimama njiani akawapigia watu kelele. Hulazimiki kujitangaza kila baraza unapopita. Lakini ukiulizwa jina sema jina lako, ukiulizwa dini sema dini yako, kwa upole, mara moja, halafu endelea na kazi. Na hiki kicheko cha kuitwa kafiri acha kucheka nacho, si lazima ujibu, we nyamaza tu usicheke, utaona wenyewe watachoka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtume Petro katuonya kwamba mtu wetu asije akateswa kwa uovu wake au kwa kujiingiza kwenye mambo ya watu halafu akajiita anateswa kwa ajili ya Kristo. Kijana mwezi wa Ramadhani mchana kweupe anakula boflo na soda kituo cha daladala, akisemwa anakuja kwangu bibi nateswa. Huteswi, umekosa adabu. Mie miaka yangu yote mwezi ule napika kwangu, pazia limeshuka, na nikitoka siweki kitu mdomoni mpaka adhana ya magharibi, na jirani akiniletea sahani ya futari napokea na sahani yake hairudi tupu. Hilo halijanipunguzia Ukristo hata chembe. Na nyie mnaobishana kwenye magrupu ya WhatsApp, mnamtukania mtu Mtume wake na yeye anawatukania Yesu wenu, usiku mzima, simu iko kwenye chaji, niambieni nani kaokoka kwa hayo? Tena wapo wahubiri wanavuka bahari na spika kubwa wanamrekodi mtoto wa watu anabatizwa, video inaruka Youtube, wao jioni wanapanda boti wanarudi zao, mtoto anabaki hapa na baba yake, na mtaa wake. Huo si ujasiri, ni kumtoa mwenzio kafara.

Mtaambiwa dini yenu ni ya wazungu, au ya wabara, rudini kwenu. Msigombane, lakini nyoyoni mwenu mjue mlikotoka. Kanisa la Mkunazini limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lilifungwa 1873 na mwaka huo huo siku ya Krismasi likawekwa jiwe la msingi. Watumwa walokombolewa, wengi wao kutoka majahazini, ndio walosoma skuli ya misheni ya Kiungani na kukaa hapa Mbweni. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto mtumwa, akakombolewa, akalelewa hapa hapa Unguja, na 1890 akawa padri. Mtu akisema wewe mgeni, mababu zetu waliletwa hapa kwa minyororo, hawakuomba kuja, na imani hii waliipokea wakiwa hapa.

Sitowaficha kwamba yapo mazito pia. Mei 2012 makanisa yalichomwa. Siku ya Krismasi mwaka ule padri mmoja alipigwa risasi, akapona, na tarehe 17 Februari 2013 asubuhi ya Jumapili Padri Evaristus Mushi akauliwa kwa risasi akienda kusalisha. Lakini mkumbuke pia Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Walotuumiza sisi ni aina ile ile walowaumiza wao.

Usiku wa ile Jumapili ya Padri Mushi niliogopa, nilifunga mlango kwa komeo na kiti nikaweka juu yake. Saa mbili mlango ukagongwa. Alikuwa shoga yangu wa mlango wa pili, kaja na jamvi na birika la chai ya tangawizi. Hakusema kitu kirefu, alisema tu leo nalala kwako. Akatandika jamvi lake pale pale nyuma ya mlango, yaani mtu akiuvunja atamkuta yeye kwanza. Kandili ilikuwa inawaka kidogo, yeye anavuta uradi punje moja moja, mie nasali Zaburi kwa sauti ya chini, na kila nilipokwama machozi yakanizuia, na yeye alikuwa akisita, ananisubiri, nikiendelea anaendelea. Alfajiri akaondoka kwenda kusali. Keshafariki sasa. Ndo mana mtoto akija kwangu akaanza kusema "wale watu" namkatiza, namuuliza wale kina nani?

Ukitishiwa kweli usikae nalo peke yako kwa kujiona shujaa. Meseji usifute, piga skrinishoti, mwambie mchungaji, nenda kwa sheha, nenda polisi na mtu mzima pembeni. Ukiona roho yako iko hatarini hama, Bwana mwenyewe alisema wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine, kuhama si kumkana.

Na mabinti, na nyie wavulana pia, mnaoombwa mbadili dini ili ndoa ipite. Najua mapenzi yanavyouma, sikukejelini. Ila anayekutaka useme shahada usiyoiamini anakufundisha kusema uongo mbele ya Mungu siku ya kwanza ya ndoa. Na wewe ulotoka nyumba ya Kiislamu ukamjua Kristo, baba yako bado baba yako, msalimie, mshike mkono, mpelekee dawa akiugua hata kama hataki kukutazama. Usiharakishwe na mtu. Sisi tutakungoja.

Jumapili nipo Mkunazini, benchi la tatu kutoka mlangoni, upande wa kushoto. Aliye na haya ya kuingia peke yake baada ya muda mrefu anipigie Jumamosi, namba yangu mnayo, nitamngojea Darajani tuingie pamoja. Na wewe wa kofia, nimemuuliza mwanangu, kuna chumba kwake kimoja uani, umeme na maji vimo, njoo ukione.

Bibi yenu,
Maria